Naogopa daktari wa meno kuliko jino lenyewe, na wawili wameniambia vitu tofauti. Nimwamini nani?

Abiria_wa_Kimara

Wakuu habari za jioni. Nina gego la chini kushoto limetoboka, shimo ukipeleka ulimi unazama wote. Mchana linatulia kabisa ila usiku nikishalala tu ndo linaanza kugonga mpaka sikioni, basi nakaa kitandani nimeegemea ukuta, namtazama mke wangu anavyokoroma. Natembea na diklofenaki mfukoni kama funguo za nyumba.

Tatizo sio hela peke yake (ingawa nayo ipo), tatizo ni woga. Nikiwa darasa la tano nilishikwa miguu na mikono jino likang'olewa na ganzi haijashika, na tangu siku ile nikisikia tu ile mashine inavyolia jasho linanitoka, mtu mzima mwenye watoto. Nimepiga danadana na hili gego karibu mwaka mzima.

Mke kanibana nikaenda sehemu mbili. Ya kwanza dispensari ya mtaani, jamaa kachungulia na kioo, hata kuniuliza nini kinauma hajaniuliza vizuri, akasema hili la kung'oa, panua mdomo. Nikamwambia ngoja nakuja, mpaka leo. Ya pili kliniki ya ghorofani yenye kiyoyozi na makochi, dada kanipiga eksirei akasema jino linaokoleka, tunasafisha mzizi (ruti kanali) halafu tunalivalisha kofia, niende kama mara tatu hivi, na bei aliyotaja mimi nalipia kodi ya nyumba miezi kadhaa.

Sasa si mmoja hapo ananipiga? Yupi? Na daktari wa meno mzuri unamjuaje wakati wote wanavaa koti jeupe na wote wanakwambia hautasikia kitu? Pia kuna mzee wangu anasema ukichezea meno macho yanaharibika, na naogopa kuambukizwa ugonjwa na vile vyuma. Naombeni majibu ya kweli sio ya kunifariji.

mkubwa_wa_kaya

Uzi wa cherehani, kitasa cha mlango, mwanao mmoja mtundu. Eksirei ya nini.

Gego_la_Mwisho

Mkuu wa hapo juu tunakushukuru kwa utaalamu, ukimaliza rudi kucheza bao.

Abiria, mimi niko kwenye fani, ni daktari wa meno, sitataja ninapofanyia kazi ili isije ikaonekana natafuta wateja. Ntakujibu kwa urefu maana maswali yako nayasikia kila siku ofisini.

Kwanza hilo la kuuma usiku. Ndani ya jino kuna mshipa wa fahamu na damu, uko kwenye chumba kidogo chenye kuta ngumu. Vijidudu vikishafika karibu nao unavimba, lakini hauna pa kuvimbia, kwahiyo unajibana wenyewe. Ukilala damu inajaa zaidi kichwani na presha ya mle ndani inapanda, ndo maana ukikaa unapata nafuu. Jino likiuma hivyo lenyewe usiku bila hata kuguswa, kwa kawaida limeshavuka hatua ya kuzibwa tu. Limebaki na njia mbili, kusafishwa mzizi au kung'oka. Kwahiyo angalia, wale wawili wala hawajapingana kama unavyofikiria, kila mmoja kataja njia moja kati ya mbili zilizopo. Kosa la wa kwanza ni kwamba kakuchagulia bila kukuuliza na bila picha. Kosa la wa pili, kama lipo, ni kukutajia jumla ya bei bila kukuchambulia.

Sasa ganzi, maana naona ndo mzizi wa fitina. Dawa tunayotumia wengi ni lignokaini. Ikiingia kwenye nyama yenye afya inashika vizuri. Ila sehemu yenye uambukizo inakuwa na asidi nyingi, na asidi inaizuia ile dawa kuingia kwenye neva, alafu neva yenyewe iliyovimba inakuwa kali kuliko kawaida. Na magego ya chini ndo magumu zaidi, maana mfupa wa taya la chini ni mnene kwahiyo sindano haipigwi pembeni ya jino, inapigwa kule nyuma neva inapoingilia, na inabidi kusubiri, dakika 5 hadi 10, wengine zaidi. Ukiwa mtoto, una uvimbe, foleni imejaa nje, mtu anapiga sindano na kuvuta hapo hapo, matokeo yake ni hayo yaliyokupata darasa la tano. Haikuwa mwili wako kukataa ganzi.

Ndo uone ubaya wa kukimbia. Mtu anaogopa kwasababu ganzi haikushika, kwasababu anaogopa anachelewa, akichelewa jino linavimba, akija limevimba ganzi inashika kwa shida, anaondoka na hadithi ya kuwasimulia wengine. Wagonjwa wangu waoga zaidi karibu wote wamepita njia hiyo hiyo.

Daktari mzuri baada ya sindano anakaa, anakuuliza mdomo wa chini umekufa mpaka katikati? Anaugusa ufizi na kitu chenye ncha kabla hajaanza. Ukisema bado nasikia anaongeza, au anatumia sindano ya pembeni kabisa kati ya jino na mfupa. Mtu anayekwambia "vumilia kidogo" baada ya wewe kusema unasikia maumivu makali, nyanyuka kwenye kiti. Ila kuna kitu kimoja utakisikia hata ganzi ikishika, nacho ni kusukumwa. Ganzi inaua maumivu, haiui hisia ya kugandamizwa, na jino likitoka linatoa sauti, krrr, kichwani inasikika kubwa. Hilo nakwambia mapema ili lisikutishe.

Macho: mzee wako msalimie ila hapana. Neva ya kuonea na neva za meno ni vitu viwili tofauti. Kilicho karibu na mizizi ya magego ya juu ni uwazi wa pua ule unaojaa ukiwa na mafua, na la kwako ni la chini hata hapo halifiki.

Kwenye kuchagua kati ya hizo mbili, rudi na picha yako (ni haki yako, umeilipia) na umuulize daktari yeyote: ukuta wa jino uliobaki unatosha? mfupa kuzunguka mzizi uko salama? Kama shimo limeshuka chini ya ufizi au jino limepasuka mpaka mizizi inapoachania, ruti kanali ni kutupa hela. Kama kuta bado zipo, mimi ningekushauri uliokoe, gego unalitafunia ugali miaka 30 ijayo. Na kofia sio ujanja wa kibiashara, jino lililosafishwa mzizi limeshachimbwa sana, likibaki na kiraka tu siku moja unakutana na kipande cha mfupa kwenye pilau linapasuka katikati. Ila malipo unaweza kuomba yagawanywe, mzizi kwanza, kofia ukijipanga.

mama_wawili_Mwz

Dokta asante, nimesoma yote. Mimi naongezea upande wa sie waoga maana hao wataalamu hata wakieleza vipi hawajui moyo unavyokwenda ukiwa umelazwa kwenye kile kiti taa imekumulika usoni.

Kaka Abiria, kilichonisaidia ni kwenda siku ya kwanza bila nia ya kutibiwa chochote. Nilimwambia dada wa mapokezi leo nimekuja kuongea tu na daktari, nalipia kumuona, basi. Hapo ndo unamjua mtu. Mmoja alikasirika waziwazi, anatazama saa. Mwingine huku Mwanza alivuta kiti akakaa mbele yangu (sio nyuma ya kichwa changu) akaniuliza kitu gani hasa unaogopa, sindano, mlio, au kukosa hewa? Hakuna mtu aliwahi kuniuliza hivyo, na kumbe mimi ninachoogopa ni kushindwa kumsimamisha akishaanza. Tukakubaliana nikinyoosha mkono wa kushoto anaacha kila kitu, na mara ya kwanza niliunyoosha bila sababu yoyote, namjaribu tu. Akaacha. Nikatulia.

Mengine madogo madogo. Chukua zamu ya asubuhi mapema, ukipewa saa 10 jioni utashinda kazini unaangalia ukuta. Kunywa chai na kula kabisa, watu wanaenda na njaa wakidhani ni upasuaji halafu wanazimia kwa sindano ya ganzi, sio kwa maumivu, ni tumbo tupu na woga. Weka spika za masikioni na taarabu au kaswida au chochote unachopenda. Pumua kwa pua taratibu, toa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza. Na jambo hili sikuambiwa nikadhani nakufa: baada ya ganzi moyo ulianza kudunda kwa nguvu na mikono inatetemeka. Kumbe mle ndani wanachanganya adrenalini kidogo ili dawa isikimbie haraka na damu isitoke sana, inapita ndani ya dakika chache.

Kuhusu ofisi kuwa na makochi, mimi huwa siangalii kabisa. Kuna sehemu wana maua na kahawa ya bure na wanakuandikia kuziba meno sita hujaumwa hata moja. Ukiambiwa una meno mabovu mengi kwa mpigo wakati ulienda na moja, omba wakuonyeshe kwenye kioo na kwenye picha, kisha peleka picha hiyo kwa mwingine.

Bandari_Kuu

Assalaam aleikum. Niko Mombasa, naona la vyombo hamjalijibu vizuri na ndilo mimi huliangalia kwanza kabla hata ya kumtazama daktari usoni.

Vyombo vya mdomoni hutakiwa vioshwe kisha viingie kwenye mtungi wa mvuke wenye moto na shinikizo. Kabla havijaingia hufungwa kwenye mifuko myepesi, upande karatasi upande plastiki, na kwenye mfuko huwa kuna alama ambayo hubadilika rangi ikishapigwa na ule mvuke. Basi wewe ukikaa kitini tazama, mfuko uchanwe mbele yako. Ikiwa vyuma viko kwenye bakuli lenye maji ya dawa vinaelea, na mfanyakazi anavichota kama vijiko vya hotelini, shukuru Mungu hujavua viatu, toka. Glovu mpya, sindano mpya, kichupa cha ganzi kipya, hivi si vya kuomba, ni lazima. Na ukiuliza "samahani, hivi vimechemshwa leo?" daktari mwenye nidhamu hakasiriki, hata hufurahi kukuonyesha mtungi wenyewe.

Huku kwetu jina la daktari na la kliniki unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya baraza la madaktari na madaktari wa meno Kenya, KMPDC, kama leseni ni hai. Nyie bara sijui mwatumia gani.

Gego_la_Mwisho

Shukran Bandari, huku kwetu ni Baraza la Madaktari Tanganyika, MCT. Daktari wa meno kamaliza miaka 5 chuo na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, halafu ndo anasajiliwa. Kuna pia matabibu wa meno, hao wamesoma stashahada, na msiwadharau, wanang'oa na kuziba vizuri sana, wilaya nyingi wao ndo wanabeba mzigo wote. Ila ruti kanali ya gego lenye mizizi miwili mitatu tafuta daktari. Na kuna mafundi wa maabara ya meno, kazi yao ni kutengeneza meno bandia na kofia kwa maelekezo ya daktari, sio kukushika mdomo. Kuomba kuona leseni sio matusi, wengi tumezitundika ukutani.

Abiria kwa Dar, kama bei ya binafsi imekushinda kuna idara za meno kwenye hospitali za serikali, Amana, Temeke, Mwananyamala, na Muhimbili kwa kazi ngumu. Pale chuoni Muhimbili wanafunzi wa mwaka wa juu wanatibu wakisimamiwa na walimu wao. Wanachukua muda mrefu kwenye kiti, hilo nakiri, ila kila hatua inakaguliwa. Na kama una bima uliza kabla ya kukaa kwamba inalipa nini, maana kuna bima zinalipa kung'oa na kuziba lakini kofia wanaruka.

Abiria_wa_Kimara

Daah nashukuru sana wakuu, na mama wawili umenisoma kabisa, mimi pia ni ile ya kushindwa kumsimamisha mtu.

Dokta swali la nyongeza, mimi natumia dawa za presha mwaka wa pili sasa. Kuna mtu kaniambia mwenye presha haruhusiwi kung'oa jino atavuja damu mpaka afe. Na nilikuwa nakunywa amoksilini na Flagyl ambazo nanunua duka la dawa hapa mtaani, zinatuliza kidogo linarudi.

Gego_la_Mwisho

Ungesema presha toka mwanzo tungeanzia hapo.

Diklofenaki kila siku kwa mtu wa presha ni hatari. Hizo dawa, pamoja na ibuprofeni, zinapandisha presha na zinapunguza nguvu ya dawa zako, na figo nazo zinaumia. Acha, tumia Panadol wakati unasubiri, na usizidishe dozi. Nenda kapime presha kabla hujaenda kwenye jino.

Mwenye presha anatibiwa kama mwingine yeyote ikiwa imedhibitiwa. Siku hiyo kunywa dawa zako kama kawaida, usiruke eti kwasababu unaenda kung'oa. Nikimpima mtu nikakuta 180 kwa 110 au zaidi namuahirisha mpaka ishuke, nampa cha kutuliza maumivu na namrudisha kwa daktari wake. Daktari wa meno ambaye hajakuuliza una ugonjwa gani, unatumia dawa gani, una aleji ya nini, kama ni mwanamke una mimba au vipi, huyo hata awe na mkono mwepesi vipi ni wa kumuacha. Mwambie pia jina la dawa ya presha. Kama ni amlodipini kuna watu inawavimbisha fizi na wao wanadhani ni uchafu. Na kama kuna mtu humu anatumia dawa ya kuyeyusha damu, usiache mwenyewe bila daktari aliyekuandikia.

Amoksilini na Flagyl haziponyi jino lililotoboka. Mshipa ukishakufa damu haifiki mle ndani, dawa inapita wapi? Inapunguza moto kwenye mfupa unaozunguka, unapata nafuu wiki moja, chanzo kipo pale pale. Unachofanya ni kuwazoesha vijidudu dawa.

Mti_wa_Mringa

Nachomekea samahani, mimi ni wa Arusha, nimezaliwa maeneo ya Maji ya Chai na meno yangu ni ya kahawia toka utoto kwa ajili ya madini ya floraidi kwenye maji. Naona kwenye Insta jamaa wanatangaza "meno meupe dakika 20" na wengine wanabandika vigamba vya meno sebuleni kwa mtu. Nilikuwa siendi kwa daktari kwa aibu, nadhani ataniambia sipigi mswaki. Nifanyeje?

Gego_la_Mwisho

Hakuna daktari wa meno wa Tanzania atakayekushangaa, sehemu nyingi za kanda yenu maji yanapita juu kabisa ya kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho WHO wanashauri. Rangi hiyo iliingia wakati meno yanaumbika ukiwa mdogo, haitoki kwa mswaki wala ndimu wala mkaa, ukisugua sana unalimaliza tabaka gumu la nje na meno yanaanza kukupiga ganzi ukinywa maji baridi. Daktari anaweza kuparua kidogo tabaka la juu kwa dawa maalumu, au kung'arisha, au kufunika kwa resini ya rangi ya jino, inategemea madoa yameingia kina gani. Anayebandika vigamba sebuleni anatumia gundi na jino linaozea chini yake huku wewe unatabasamu. Sitabishana na mtu juu ya hilo, nimeshavibandua vya kutosha.

mama_wawili_Mwz

Hapo kwenye waganga wa mtaani dokta waambie na wale wanaotoa "meno ya plastiki" kwa vichanga. Jirani yangu juzi anataka kumpeleka mtoto mwenye kuharisha eti ana meno ya plastiki.

Gego_la_Mwisho

Hayo meno hayapo. Kile cheupe kwenye fizi za mtoto ni chonge lake la utoto linajiandaa kuota. Wanalichimba na kisu au spoku ya baiskeli, mtoto anapoteza damu, anapata uambukizo, wengine wanakufa, na baadhi ya wanaopona wanakuja kuota meno ya ukubwani yameharibika. Mtoto anayeharisha apewe ORS na apelekwe kituo cha afya leo.

Abiria_wa_Kimara

Nimepima presha, iko 150 kwa 95, nimerudi kwa daktari wangu kaniongezea dozi. Na nimepata zamu ya kwenda kuongea tu kama alivyosema dada, Jumatatu asubuhi, na picha yangu naenda nayo. Kama wataamua kuling'oa, baada ya hapo nakaaje?

Gego_la_Mwisho

Unang'ata pamba nusu saa hadi dakika 45 bila kuitoa toa kuchungulia. Siku hiyo usisukutue, usiteme teme mate, usivute sigara, usinywe kwa mrija, maana lile donge la damu kwenye shimo ndo kidonda chenyewe kinaanza kupona, likitoka mfupa unabaki wazi na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne utasikia maumivu kuliko ya jino. Uji na mtori uliopoa, tafunia upande wa pili. Kesho yake anza maji ya uvuguvugu yenye chumvi, taratibu, baada ya kula.

Mate kuwa mekundu siku ya kwanza ni kawaida. Damu inayojaa mdomoni sio kawaida, ng'ata pamba nyingine na urudi. Na kama kabla ya hiyo Jumatatu utaona uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, mdomo haufunguki, kumeza kunakuwa shida au homa inapanda, hiyo sio ya kusubiri zamu, nenda hospitali kubwa yenye mapokezi ya dharura hata kama ni saa 8 usiku.